Mtoto anatazama kulia tu na kichwa kimekuwa bapa: anza na shingo

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Tororo, nalifupisha kidogo: "Mwanangu wa kiume ndo wa kwanza, anaelekea miezi mitatu. Alizaliwa kwa kuvutwa na vakyumu. Tangu wiki za mwanzo anapenda kutazama kulia tu, ukimgeuza kushoto anarudi. Sa hizi nyuma ya kichwa upande wa kulia pamekuwa bapa na sikio la kulia ni kama limesogea mbele. Mama mkwe anasema nimlaze kifudifudi usiku, jirani anasema nimkande kichwa na maji moto, rafiki yangu wa Kampala anasema kuna kofia za kurekebisha. Ubongo umeumia? Nifanye nini?"

Nyabo, asante kwa kuandika na hongera kwa kuona mapema, maana wengi wanaambiwa "kichwa kitajinyoosha" na wanakuja mtoto ashaanza kusimama. Mi si daktari wa kuandika dawa, mi ni mtu wa fiziotherapia ya watoto, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, na kwa hayo uliyoandika, kabla mtu hajamshika mtoto kwa mikono, nakujibu hivi: kilichoanza si kichwa, ni shingo. Ubapa umefuata. Ukihangaika na kichwa ukaiacha shingo utachoka bure, lakini shingo ikianza kugeuka vizuri pande zote kichwa nacho kinapata nafasi ya kujaza pale palipolala. Na ubongo, huo ubapa haujauumiza, nitarudi hapo.

Kuna msuli mmoja kila upande wa shingo, unaanzia kwenye ule mfupa wa nyuma ya sikio unashuka mpaka kwenye mtulinga na mfupa wa kifua pale juu. Madaktari wanauita stenoklidomastoidi, jina refu lakini kazi yake utaielewa haraka. Msuli wa kushoto ukikaza unafanya mambo mawili kwa pamoja: unavuta sikio la kushoto lishuke kuelekea bega la kushoto, alafu unageuza kidevu kitazame kulia. Kwa hiyo mtoto anayetazama kulia siku nzima, mara nyingi tatizo liko kushoto, na hapa ndo wazazi wengi wanachanganyikiwa wanakanda upande ambao hauna shida. Mtazame wako akiwa amelala chali ametulia, simama usawa wa miguu yake, uone kama kichwa kimeinama kidogo kushoto wakati uso uko kulia. Alafu fungua mikunjo ya shingo upande wa kushoto. Ukikuta pale ndani pana unyevu, pekundu, maziwa yameganda na kuna harufu ya uchachu, wakati upande wa kulia ngozi iko kavu na safi, basi shingo yenyewe imekujibu, maana ule mkunjo haufunguki hewa ikapita. Paoshe, pakaushe vizuri kila siku kwa kitambaa laini.

Hali hiyo ya msuli kukaza tangu kuzaliwa inaitwa totikolisi. Inaonekana zaidi kwa watoto wa kwanza, waliokaa wametanguliza matako, mapacha, waliobanwa tumboni, na waliosaidiwa kutoka kwa vakyumu au koleo. Kwa hiyo historia ya wako inaingia humo, ila usikae ukijilaumu eti hukusukuma vizuri, pengine msuli ulishafupika humo tumboni kabla hata uchungu haujaanza. Wengine wanakuwa na kauvimbe kagumu kama punje ya harage ndani ya msuli, kanajitokeza wiki ya 2 mpaka ya 4, hakaumi, na mara nyingi kanapotea kenyewe baada ya miezi kadhaa. Ukikapapasa usikabonyezebonyeze wala kukakanda kwa nguvu, kaonyeshe tu kwa mhudumu, ultrasaundi inaweza kuthibitisha ni nini.

Sasa kuna kitu watu wanakisahau na mi nakiona kina uzito kuliko hata ule mkazo. Msuli si kamba tu ya kunyooshwa, ni wa kufanya kazi. Kama kushoto kumekaza, kulia kumezoea kukaa tu, hakujawahi kuinua kichwa peke yake, kwa hiyo ni dhaifu. Unaweza kunyoosha kushoto wiki nyingi, shingo ikageuka yote ukishika wewe kwa mkono, lakini ukimwachia mtoto anarudi kulekule kwa sababu hana nguvu za kukaa katikati. Sisi tunapima hivi: mtoto wa kuanzia kama miezi miwili tunamshika kifuani na kiunoni tunamwinamisha pole pole kwa ubavu mpaka awe sambamba na sakafu, tunaangalia kichwa kinafanya nini. Kinaning'inia, au kinakaa usawa wa mwili, au kinapanda juu? Alafu tunafanya upande wa pili tunalinganisha. Mtoto mwenye shingo sawa anainua karibu sawasawa pande zote mbili, na jinsi anavyokua anainua zaidi. Wenye shida kama ya wako unakuta upande mmoja anainua vizuri na mwingine kichwa kinabaki chini. Hiyo tofauti ndo ya kuifanyia kazi.

Kwa nini kichwa kinakuwa bapa? Mifupa ya fuvu la mtoto bado haijashikana, kati yake kuna mishono laini na utosi, na ndani ubongo unakua kwa kasi ambayo hautarudia tena maishani. Mzunguko wa kichwa akizaliwa ni kama sentimita 35, miezi mitatu ya kwanza unaongezeka karibu sentimita 2 kila mwezi, ya tatu mpaka sita kama 1, baada ya hapo nusu nusu. Kichwa kinachokua hivo kinaenda palipo na nafasi, kama boga lililoota limeegemea jiwe: upande wa jiwe unabaki bapa, kwingine kunajaa. Wako amelalia nyuma kulia kila saa, kwa hiyo pale pamezuiwa, na fuvu lote la upande ule limesogea mbele kidogo pamoja na sikio na hata paji la uso. Mtazame kutoka juu utaona umbo kama mstatili uliosukumwa ukaenda upande. Ubongo wenyewe haubanwi, unapata nafasi kwingine. Ila ukweli niuseme wote, watoto wenye ubapa wanaonekana mara nyingi zaidi kuchelewa kidogo kugeuka au kutambaa, na si kwamba ubapa umewachelewesha, mara nyingi ni yule asiyejigeuza vya kutosha ndo anayepata ubapa. Kwa hiyo nataka mtu amwangalie viungo vyote, si kichwa tu.

Umesema sikio la kulia limesogea mbele, hiyo inanitia moyo maana inaendana na ubapa wa kulalia. Kuna hali nyingine, si ya kawaida, ambapo mshono wa fuvu umefunga mapema. Hapo sikio huwa limevutwa nyuma na chini, unaweza kupapasa tuta gumu kwenye mshono, na ubapa hauendani na upande anaolalia. Hiyo haitibiwi kwa mazoezi, ni ya daktari wa upasuaji wa ubongo. Pia kama kichwa kinakua haraka kupita kiasi, utosi umevimba na kukaza hata akiwa ametulia ameinuliwa wima, macho yanaangalia chini, anatapika kila mara, usisubiri mazoezi yangu. Kwenu Tororo si mbali na Mbale, na pale kuna hospitali ya watoto ya CURE ambayo kazi yake hasa ni hayo mambo ya maji kichwani na upasuaji wa ubongo na mgongo.

Haya, nyumbani. Kitu cha kwanza si zoezi, ni jinsi siku yenu inavyokwenda. Unambeba mkono gani? Wengi wenu mnatumia mkono wa kulia kusonga posho, kuchota maji, kushika simu, kwa hiyo mtoto analala mkono wa kushoto kuanzia asubuhi. Sasa fikiria: akiwa amelala chali kwenye mkono wako wa kushoto, wewe uko upande wake wa kulia. Akitaka kuona uso wako anageukia kulia. Yaani kila ukimwita, kila ukimchekea, unamfundisha kulia tena. Mhamishie mkono wa kulia, utahisi mzito na wa ajabu siku za mwanzo, lakini akitaka kukuona itabidi ageuke kushoto mwenyewe, na kugeuka mwenyewe kunajenga msuli kuliko kugeuzwa.

Kitanda nacho ni hivohivo. Kwenye chumba kimoja kitanda kimesukumwa ukutani, mtoto kalala upande wa ukuta, mama upande wa nje, na mlango na mwanga viko upande huohuo wa mama. Mtoto hana cha kutazama ukutani. Kama wewe huwa uko kulia kwake, geuzeni mlalo, vichwa viende pale miguu ilipokuwa, sasa utakuwa kushoto kwake na mlango pia. Hela haijatoka hata shilingi moja. Akishalala usingizi mzito kichwa kikiwa kulia, kizungushe taratibu kitazame kushoto, akirudisha mwache, jaribu tena ukiamka kunyonyesha. Hakikisha tu kwamba hakuna uwazi kati ya godoro na ukuta ambao anaweza kuingia, na kama mna kitanda chake au kikapu cha pembeni ni salama zaidi.

Mgongoni sasa. Kubeba mgongoni ni kitu kizuri sana kwa kichwa cha mtoto, kichwa hakiguswi na kitu nyuma na shingo inafanya kazi kila ukipiga hatua. Kwa umri wake leso au kitenge kipande mpaka usawa wa masikio, shingo isining'inie, pua na mdomo viwe wazi. Na uso wake uutazamishe kushoto, yaani shavu la kulia ndo liguse mgongo wako. Akiwa kifuani kwako hivohivo. Mwambie na jaja wake, yaani bibi yake, na yeyote anayembeba, maana ukirekebisha wewe saa mbili alafu wengine wanamweka kulia saa sita, hakuna kitu kitasogea.

Akiwa macho, mlaze kwa tumbo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema mtoto ambaye bado hajaanza kutambaa apate angalau dakika 30 kwa siku za kulala kwa tumbo akiwa macho, zikiwa zimegawanywa. Usianze na 30, anza na dakika mbili tatu kila ukimbadilisha nepi, kwenye mkeka sakafuni, kunja leso iwe kama mto mdogo umwekee chini ya kifua mikono ikiwa mbele. Wewe lala chini umkabili, jiweke upande wake wa kushoto kidogo, mwite, tikisa kitu chekundu au kinacholia. Analia? Mweke kifuani kwako ukiwa umeegemea ukuta, hiyo pia inahesabika. Kinachokaa mbele ya macho yake kitakuwa kazi yako kuu mwezi huu, kila kitu kizuri kitoke kushoto: sauti yako, dirisha, taa, dada wa jirani anayemchezea. Kunyonya pia angalia, watoto wa hivi wengine wanagoma titi moja na mama anafikiri halina maziwa. Lile analogoma usiliache, mlaze chini ya kwapa miguu ikielekea nyuma yako, mwili wake ukae uelekeo uleule wa titi analolipenda.

Kunyoosha kwenyewe ningependa uonyeshwe na mtu kwanza, lakini nikueleze ujue utaonyeshwa nini. Wakati mzuri ni baada ya kuoga, kama mnamwogesha kyogero, yale maji ya majani ya mitishamba, au maji tu ya uvuguvugu, mwili umelegea na hajashiba sana. Mkono mmoja unatulia kwenye kifua na mabega ili mwili usifuate, mwingine unageuza uso pole pole kuelekea bega la kushoto mpaka pale unapohisi msuli unakataa, unakaa hapo kama sekunde 10 mpaka 30 ukimwimbia, unaachia. La pili unashikilia bega la kushoto lisipande, unapeleka sikio la kulia kuelekea bega la kulia. Hakuna kusukuma kwa nguvu, hakuna kunyakua, akianza kupambana achia. Mtoto akilia kila ukimgusa shingo ataikaza zaidi na utakuwa umeharibu.

Kuna mbebo mmoja naupenda kuliko yote, unafanya kazi mbili pamoja. Mgeuze mgongo wake uguse tumbo lako, awe amelala kwa ubavu wa kushoto, kushoto chini, atazame mbele kama anaangalia barabara. Mkono wako mmoja unapita kati ya miguu kumshika, na ule mwingine kiwiko na mkono unakaa kati ya sikio lake la kushoto na bega la kushoto, ukiinua kichwa kidogo kiende juu. Msuli wa kushoto unanyooka. Ukishaona amezoea, wiki kadhaa mbele, fiziotherapisti atakuonyesha kupunguza taratibu ule msaada wa kichwa, aanze kukiinua mwenyewe, na hapo ndo ule upande dhaifu wa kulia unapata kazi. Tembea naye hivyo mpaka dukani, watoto wengi wanaupenda kwa sababu wanaona dunia.

Mama mkwe msikilize kwa heshima, ana sababu, yeye aliwalea watoto wakilala kwa tumbo na vichwa vyao vikawa mviringo. Lakini usingizi wa kifudifudi unaongeza hatari ya mtoto kufa ghafla usingizini. Marekani madaktari wa watoto walianza kushauri mtoto asilazwe kifudifudi mwaka 1992, kampeni ya nchi nzima ikafuata 1994, na vile vifo vikashuka karibu nusu katika miaka iliyofuata. Ni kweli vichwa bapa vikaongezeka baada ya hapo, na hata hivyo mi nachagua kichwa bapa kinachorekebishika mara zote. Usingizi chali, mchana na usiku. Akiwa macho ndo tumbo, na hapo mwambie mama mkwe asimamie yeye hizo dakika, atafurahi na utapata msaidizi.

Mito ile yenye shimo katikati inayouzwa ya kurekebisha kichwa, usinunue. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2022 kwamba inaweza kumziba mtoto pumzi na haijathibitika kusaidia. Hata leso lililokunjwa usimwachie kichwani akilala. Kukanda kichwa na maji moto pia hapana, fuvu halifinyangwi kwa mikono na maji moto yanaunguza ngozi ya mtoto haraka kuliko mnavyofikiri. Jirani anakupenda, mshukuru, uache.

Na kofia? Zipo, zinavaliwa karibu saa 23 kwa siku kwa miezi. Uholanzi walifanya utafiti uliochapishwa 2014, watoto 84 wenye ubapa wa wastani mpaka mkubwa, nusu wakavaa kofia nusu hawakuvaa, walipofika miaka miwili nafuu ya vichwa ilikuwa karibu sawa kwa makundi yote mawili, waliovaa na wasiovaa. Wapo wataalamu wanaoitumia bado kwa ubapa mkali sana, siwakatai, lakini kwa mtoto wa miezi mitatu, kwa joto letu hili, na kwa bei yake, mi nisingeanza hapo. Hiyo hela iwe ya nauli ya kwenda kliniki.

Nenda lini? Wiki hii. Shingo iliyoanza kushughulikiwa mtoto akiwa na mwezi mmoja inarudi haraka sana, kwa miezi mitatu bado uko mahali pazuri, baada ya miezi sita kazi inakuwa ndefu na mtoto anapigana nawe. Karibu na kwenu hospitali ya rufaa ya Mbale ina idara ya fiziotherapia, walio upande wa Kampala wana Mulago, na kule Kisubi barabara ya Entebbe kuna CoRSU ambao wanashughulika sana na watoto wenye shida za viungo. Kama nauli inabana, chanjo ya wiki ya 14 inakaribia, tumia siku hiyo: kabla hajachomwa sindano mwombe nesi wa kituo cha afya apime mzunguko wa kichwa aandike kwenye kadi, na akuandikie rufaa. Ukifika kwa fiziotherapia omba waangalie na nyonga, maana watoto wenye totikolisi wanaweza kuwa na shida ya nyonga bila kuonekana, na waangalie kama mikono yote miwili inacheza sawa, ule mkono usioinuka unaweza kuwa mshipa wa fahamu ulivutwa wakati wa kuzaliwa. Macho pia, kama yanafuata kitu pande zote, kwani mtoto mwenye shida ya jicho moja anaweza kuinamisha kichwa na msuli hauna kosa lolote. Usikubali kurudi na karatasi tu ya picha za mazoezi, omba ufanye wewe mwenyewe mbele yao wakurekebishe mikono.

Yapo mambo ya kwenda usiku huohuo, hata kwa boda: homa na shingo imekakamaa, degedege, utosi umevimba, mtoto amelegea hanyonyi, au shingo imepinda ghafla kwa mtoto ambaye jana alikuwa sawa.

Piga picha kutoka juu nywele zikiwa zimelowa, moja leo na nyingine kila baada ya wiki mbili, kwa sababu wewe unayemuona kila siku hutaona mabadiliko. Kugeuka kwa shingo utakuona kwanza, ndani ya wiki kadhaa. Kichwa ni cha polepole, miezi, kinaendelea kujazia mpaka baada ya mwaka, na akianza kukaa mwenyewe utaona kinakwenda haraka zaidi maana hakilaliwi tena mchana kutwa. Shingo ikishakuwa sawa usishtuke siku moja ukimwona ameinama tena kushoto akiwa na mafua, anaota meno au anajifunza kusimama, watoto wengi hufanya hivyo kwa siku chache, rudia ule mbebo wa ubavu na uendelee, na ikipita wiki mbili bado ameinama mrudishe kliniki waangalie.